Siku Moja Maishani Mwangu: Msimu wa Pita, Gede na Arabuko-Sokoke

Saa kumi na nusu alfajiri

Masika yamekwisha kushika pwani ya Kilifi, na usiku wa kuamkia leo mawingu yalitanda tangu magharibi. Mimi huwaongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege katika magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, na mwanzoni mwa Mei, usiku wa mawingu ni usiku wa kulala na simu kando ya mto. Huu ndio wakati ndege waitwao pita wa Afrika wanapowasili kutoka kusini. Husafiri gizani, na mwezi na nyota zinapofichika, taa za majengo ya ufuoni huwavuta na kuwapoteza njia, wakajigonga kwenye vioo na kuta nyeupe.

Simu imeingia kabla ya adhana. Ni bawabu wa hoteli moja ya Watamu.

“Shikamoo mzee. Ndege wako wa rangi ameanguka barazani. Yu hai, lakini hasimami.”

“Marahaba mwanangu. Mtie ndani ya boksi lenye matundu, ulifunike, uliweke mahali pa kimya. Usimpe maji wala chakula, na paka asimkaribie.”

Wengi hutaka kumnywesha maji ndege aliyezimia, na nia yao ni njema, lakini ndege asiyeweza kumeza sawasawa huweza kupaliwa akafa. Giza na utulivu ndiyo dawa yake ya kwanza.

Saa kumi na moja na nusu

Bodaboda imenifikisha hotelini kabla hakujapambazuka vizuri. Nimewapigia simu maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, kuwaarifu kwamba ndege huyu yuko mikononi mwangu, kisha nikafunua boksi kidogo ili nimtazame jicho na mbawa. Jicho moja limefumba nusu. Mbawa zote mbili ni nzima.

Ana urefu wa sentimita 20 hivi, mkia mfupi mno unaomfanya aonekane kama amekatwa nyuma, na miguu mirefu yenye nguvu. Mgongo ni wa kijani kibichi. Kichwa ni cheusi, na juu ya jicho unapita mstari mpana wa rangi ya mchanga. Koo ni jeupe lenye wekundu wa mbali, kifua ni cha manjano iliyofifia, na kuanzia tumboni hadi chini ya mkia ni mwekundu wa damu. Juu ya bawa kuna madoa ya buluu inayong’aa, na kiuno chake kina buluu hiyohiyo. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi, hivyo bawabu aliponiuliza kama huyu ni mume au mke, nilimjibu kwamba kwa kumtazama tu hakuna awezaye kusema.

Saa kumi na mbili na nusu

Boksi nimeliacha katika chumba chenye giza karibu na lango la magofu, na wageni wangu wa leo wamekwisha kufika: mwalimu mstaafu kutoka Mombasa na mjukuu wake anayesoma sekondari. Tumeanza kwa njia ya nje ya ukuta wa mji, wala si kwa msikiti mkuu na jumba la mfalme kama wafanyavyo watalii wengi.

Gede ulikuwa mji wa Waswahili ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Serikali iliuhifadhi tangu 1927, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wanahistoria wana mengi ya kusema juu ya kuta zake. Mimi nashukuru zaidi kwamba, kwa kuwa mahali hapa paliogopwa na baadaye palilindwa, miti iliota ndani ya nyumba na majani yakadondoka miaka nenda miaka rudi bila mtu kuyafagia. Pita hajali dari ya msitu wala mnara wa kaburi. Anachokitafuta ni sakafu: majani yaliyolowa, yanayooza, yenye kivuli kizito juu yake.

Saa moja na nusu

Nimewaambia wageni tusimame. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi yangu, kwa sababu mtu aliyesafiri kutoka mbali hutaka kutembea ili aone vingi, hali pita huonekana na mtu aliyetulia. Yeye mwenyewe huwinda kwa kutulia. Husimama wima juu ya majani, bila kutikisika, akitega jicho kwa muda mrefu. Halafu huruka hatua mbili tatu kwa miguu yote miwili, hugeuza jani kwa mdomo, akadonoa, akasimama tena. Chakula chake ni mchwa, siafu, mbawakawa, mabuu, nyungunyungu, jongoo na konokono, ambao huwagonga kwenye jiwe au mzizi mpaka gamba lipasuke. Kwa hiyo ninapowapitisha watu hapa huwa natazama pia chini ya miguu yetu, nikitafuta vipande vya magamba kandokando ya mawe ya kuta zilizoanguka.

Kijana ndiye aliyemwona kwanza. Alinigusa bega bila kusema neno, na kwa adabu hiyo peke yake nilimpenda. Pita alikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwetu, upande wa pili wa mzizi wa mtini, kifua kikituelekea, na wekundu wa tumbo lake ulionekana dhahiri hata bila darubini. Kisha akageuka. Ule mgongo wa kijani ukachanganyika na majani, na mwalimu, ambaye darubini yake ilikuwa bado inamwelekea, akaninong’oneza, “Ameenda wapi?” Hakuwa ameenda popote. Wekundu wa ndege huyu umewekwa mahali ambapo adui anayetazama kutoka juu au nyuma hauoni, na ndiyo maana watu huishi miaka mingi jirani na msitu wenye pita wasiwahi kumjua. Anaposhtuka na kuruka, doa jeupe la bawa humulika mara moja, kisha hutua mbele kidogo na kutoweka tena.

Karibu naye alikuwako ndege mwingine, mkesha mwenye madoa kifuani, naye ni mgeni wa msimu huuhuu na yuko katika hatari ya kutoweka duniani. Wageni hawakumjali sana. Nilisikitika kidogo, kwa kuwa kwa haki yeye ndiye aliyestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Saa nne asubuhi

Chai, mahamri na mbaazi chini ya mti, na hapo maswali yakaanza.

Mwalimu alitaka kujua ndege huyu hutoka wapi hasa. Nilimweleza kwamba pita wa Afrika, aliyepewa jina la kisayansi Pitta angolensis na Mfaransa Louis Vieillot mwaka 1816, ana nususpishi tatu, yaani matawi matatu ya spishi moja. Mbili huishi magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi kaskazini mwa Angola. Ya tatu ndiyo hii yetu ya mashariki, iliyozoea safari ndefu. Hutaga katika vichaka vizito na misitu ya mabondeni kusini mwa Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hasa bonde la Zambezi, mvua za huko zinapoanza kunyesha kati ya Novemba na Desemba. Mvua hizo zikiisha na majani ya huko yakikauka, hupanda kaskazini: wengine huelekea misitu ya Kongo na Uganda, na wengine hufuata ukanda wa pwani mpaka kwetu, ambako hukaa hadi Oktoba hivi. Ukitazama kalenda yake, utaona kwamba humkimbia kaskazi kavu wa huku na kiangazi cha huko, akafika pwani wakati kusi limeleta masika. Huishi mwaka mzima juu ya ardhi yenye unyevu.

Kijana aliuliza kwa nini hatukumsikia akiimba. Pita yumo katika oda moja, yaani kundi kubwa moja la ndege, na shomoro na kurumbiza, ambayo ndiyo oda ya ndege waimbaji, lakini tawi lake lina kiungo cha sauti chenye misuli michache, na makinda yake huzaliwa na wimbo wao badala ya kujifunza kwa wazazi. Wimbo wenyewe ni mfupi, mzito, unaofanana na sauti ya chura. Kule anakotaga, hupanda kwenye tawi la mlalo, hujitupa juu kidogo kwa mvumo wa mbawa, hutoa sauti yake na kutua palepale, tumbo jekundu likiwa limevimbishwa. Huku kwetu hana mke wa kumvutia wala eneo la kutagia la kulinda, kwa hiyo hunyamaza siku nzima, isipokuwa mara chache alfajiri au giza linapoingia. Baadhi ya waongozaji hucheza sauti zilizorekodiwa ili kumtoa kichakani. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa ndege aliyetoka safari ya usiku kucha ana njaa, na kumpotezea muda wa kula kwa ajili ya picha ni ukosefu wa heshima kwa mgeni.

Kiota chake sijakionyesha kwa mtu yeyote hapa Gede, maana hatagi hapa. Ni rundo la vijiti na majani makavu lenye paa, hujengwa juu ya mti au kichaka chenye miiba, lina mlango wa ubavuni na kijibaraza mbele yake. Mayai huwa mawili hadi manne.

Mwalimu aliongeza swali moja zuri: je, ana ndugu? Wapo zaidi ya spishi arobaini za pita, na takriban zote ziko Asia ya kusini na mashariki, visiwani hadi Australia. Afrika ina mbili tu. Wa pili, mwenye kifua cha kijani, anakaa katika misitu ya Afrika ya kati, na wanaomtafuta huenda msitu wa Kibale, Uganda.

Saa sita na robo

Boksi linatikisika. Nilipolisogelea nilisikia kucha zikikwaruza na mdomo ukigonga karatasi, nayo ndiyo dalili niliyoingoja tangu asubuhi. Wageni walidhani ningesubiri jioni, lakini ndege wa mchana asiyekula tangu jana hapaswi kufungiwa saa nyingine sita. Tulilichukua boksi hadi mahali penye kichaka kizito nje ya ukuta, mbali na kima, nikalilaza ubavu na kulifungua. Alitoka kwa kurukaruka, akasimama, akaruka chini chini kiasi cha mita kumi, akatua. Baada ya dakika chache alikuwa akigeuza majani.

Saa nane mchana

Wageni wameondoka, nami nimevuka barabara kuu kwenda Arabuko-Sokoke kuungana na vijana wanaokagua mitego. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki, lakini ukubwa huo unawadanganya watu, kwa sababu si sehemu zote zinazomfaa pita. Upande wa mashariki, unaopata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na sakafu yenye majani mengi. Katikati kuna miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, mahali pa wazi zaidi. Magharibi ni kukavu na kuna vichaka vya kusongamana. Pita hutafutwa huku mashariki, na ni huku ambako mtu hufika kwa miguu na shoka kwa urahisi.

Tumeng’oa mitego ya waya iliyotegewa paa wadogo na sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Ndege anayetembea chini hunaswa humohumo. Tumekuta pia kisiki kipya cha mbambakofi. Kisheria kosa ni mti uliokatwa, lakini mimi huangalia zaidi ule mwanga ulioingia mahali mti ulipokuwa: mduara wa majani uliokaushwa na jua, usio na mchwa wala konokono, ambao utachukua miaka kupata kivuli tena. Pita bado hajaingia katika orodha ya ndege walio hatarini duniani, ingawa idadi yake inapungua, na upungufu wa namna hii hautoi sauti ya kumwamsha mtu.

Saa moja usiku

Nimeingiza taarifa za leo katika mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi ili kila anayeona ndege aandike alimwona wapi na lini. Taarifa za namna hii ndizo zinazoonyesha pita wa kwanza alifika lini na wa mwisho aliondoka lini, na hata wale waliopotea njia wakaonekana Nairobi.

Kisha nikampigia simu meneja wa hoteli. Nilimwomba azime taa za bustani na zile zinazomulika kuta, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, katika Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba ndege wanaporudi kusini. Taa za bustani amekubali. Za bwawa la kuogelea ameahidi kuzifunika zielekee chini. Bango la barabarani analitetea, akisema ndilo linalomletea wateja, na hapo hatujaelewana. Jumatatu nitakwenda ofisini kwake na daftari la bawabu, ambalo lina tarehe na saa ya kila ndege aliyeanguka na upande wa jengo alikookotwa, ili tuone ni wangapi waliookotwa chini ya bango hilo.