Mguu wa kushoto, sentimeta 41

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na mimba yangu ya pili ilinikuta katikati ya msimu wa harusi. Kutwa nzima nipo kwenye mashine, siinuki ila kwa haja. Miguu ikavimba. Sikujali, kwa sababu hata mimba ya kwanza ilivimba hivyohivyo. Usiku naiweka juu ya mto, asubuhi imenywea.

Wiki ya 31 kigimbi cha kushoto kikaanza kuuma. Nilidhani ni msuli umekaza, ila msuli hukaza ukaachia, na huu haukuachia. Bi mkwe akasema, "Baridi hiyo, mwanangu, lete nikuchue." Akanichua kwa mafuta ya nazi jioni mbili mfululizo, kwa mapenzi yote. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mguu wa namna ile hauguswi kwa kuchuliwa, maana damu iliyoganda inaweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Hadi leo sijamwambia.

Nilipita zahanati. Nesi akanipima presha, akapima mkojo, akasema, "Vyote vizuri mama, kapumzike." Mjamzito aliyevimba hutafutiwa kwanza kifafa cha mimba, na hapo yupo sahihi: presha kupanda, protini kwenye mkojo, kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona maluweluwe. Mimi sikuwa na hata kimoja. Tatizo ni kwamba bonge la damu mguuni halionekani kwenye presha wala kwenye mkojo, na hakuna aliyeniambia nipandishe gauni tuone miguu yote miwili.

Siku ya pili yake usiku kandambili ya kushoto ikakataa kuingia. Futi kamba ilikuwa shingoni kama kawaida yangu, nikaivua nikajipima. Sentimeta 10 chini ya goti, palepale kwa miguu yote, maana ukipima huku juu na kule chini umejidanganya mwenyewe. Kulia 37. Kushoto 41. Nikarudia mara tatu, nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Hapo ndipo nilipoutazama ule mguu vizuri: ngozi imevutika inang'aa, rangi imekolea kizambarau, na ukiweka kiganja unasikia joto ambalo mwenzake hana. Maumivu nayo yalishapanda mpaka kwenye kinena.

Asubuhi mume wangu akaita bajaji, tukaenda hospitali kubwa. Safari hii sikusema "miguu imevimba." Nilisema mguu mmoja umeupita mwenzake kwa sentimeta nne, una moto na unauma. Maneno hayo yalibadilisha kila kitu. Nililetewa kiti cha magurudumu, na sindano ya kwanza, ya kuzuia damu isigande, nilichomwa kabla hata ya altrasaundi. Kwenye kipimo daktari alikuwa anabonyeza mshipa kwa kile kifaa. Mshipa mzima hubonyea ukalala, wangu ulikaa wazi pale pajani, umejaa.

Alinichorea kwenye karatasi. Mwili wa mjamzito huifanya damu igande kwa urahisi, ili siku ya kujifungua asivuje sana. Mji wa mimba nao unakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, hasa wa kushoto, ambao tayari umepitiwa juu na mshipa mkubwa uendao mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi huwa ni kushoto. Ongeza na kukaa kutwa kwenye kiti.

Nikapewa sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, mara mbili kwa siku, nijichome mwenyewe pembeni ya tumbo. Vidonge vya warfarini, vya kazi hiyohiyo, alikataa kwa sababu vinapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, sindano haipiti. Unaweza kudhani fundi haogopi sindano. Ya kwanza nilijichoma huku nalia. Fedha za cherehani ya pili ziliishia famasi.

Daktari alimwita mume wangu ndani, akamtajia yeye dalili za bonge kufika kwenye mapafu: pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, moyo kwenda mbio umekaa tu, kukohoa damu, kuzimia. "Hapo hamsubiri asubuhi." Akaziandika nyuma ya kadi ya kliniki. Tangu siku hiyo kila usiku ananiuliza, "Kifua?" Namjibu, "Kizima."

Wiki ya 38 nilipangiwa siku ya kuanzishiwa uchungu, nikaacha sindano saa 24 kabla yake. Mtoto wa kike, kilo 3.1. Nilidhani yameisha, kumbe wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo hatari zaidi ya damu kuganda, hivyo nikaendelea kujichoma wiki sita nyingine huku nanyonyesha.

Miezi minne baadaye nilikwenda kuomba njia ya uzazi wa mpango. Dada wa pale akanisogezea vidonge vya kawaida. Nikamwonyesha karatasi ya daktari, iliyoandikwa kwamba vidonge vyenye estrojeni, homoni inayozidisha damu kuganda, ni marufuku kwangu. Akaisoma, akavirudisha kabatini, tukaanza kuzungumza habari za kitanzi.