Ninavyojenga utetezi wa mwajiri anayedaiwa ubaguzi mbele ya CMA

Mwajiri akipokea fomu CMA F1, ya kufungulia mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya Tanzania, yenye madai ya ubaguzi, karibu kila mara huanza kwa kuniambia kuwa yeye si mbaguzi. Huenda ni kweli, ila kukana hakumsaidii. Kifungu cha 7(8) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba kitendo hakikutokana na misingi iliyotajwa, au kwamba ana utetezi ambao sheria inaukubali. Kwa hiyo mimi huanza na majalada, mashahidi baadaye.

Kwanza naisoma fomu yenyewe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anatakiwa aombe kusamehewa ucheleweshaji kwa fomu nyingine, CMA F2. Kama hakuomba, pingamizi naliweka mapema, tungali kwenye usuluhishi. Kisha natafuta msingi. "Nilionewa" peke yake halitoshi. Lazima kuwe na kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri au msingi mwingine wa kifungu hicho. Bosi anayemfokea kila mtu ana tabia mbaya, lakini hajabagua. Anayemfokea mjamzito kwa sababu ya mimba yake amebagua, kwani manyanyaso ya aina hiyo sheria inayahesabu kuwa ubaguzi.

Waajiri wengi huniambia, "Huyo alikuwa kwenye majaribio, hana kesi." Si hivyo. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali, lakini kinga dhidi ya ubaguzi anayo tangu siku anaomba kazi. Hata karatasi za usaili ni ushahidi. Nikikuta pembeni mwa jina la mwombaji pameandikwa "ameolewa, ana mtoto mchanga", najua tutakuwa na kazi ngumu.

Kazi kubwa iko kwenye ulinganisho. Naomba majalada ya wote waliofanya kosa kama la mlalamikaji, au walioshindania cheo hichohicho, kwa miaka mitatu hivi. Nachora jedwali: tarehe, kosa, kiasi cha hasara, maonyo ya nyuma, adhabu, aliyeamua. Jedwali hilo hutoa jibu ambalo mteja hakulitarajia. Keshia mwanamume aliyepungukiwa fedha alipewa onyo la maandishi. Mwanamke aliyerudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, akapungukiwa kiasi kilekile, akafukuzwa. Hapo namuuliza mteja tofauti ni ipi. Kama mwanamke alikuwa na onyo la mwisho lililo hai, tuna utetezi. Kama jibu ni "menejimenti ilikuwa imebadilika", utetezi upo lakini ni mwembamba, na utahitaji kuonyesha kuwa meneja mpya amewaadhibu na wengine vivyo hivyo. Kama hakuna jibu, nashauri malipo.

Kinachoua kesi nyingi ni sababu zinazogongana. Barua inasema utovu wa nidhamu, shahidi anasema kupunguza gharama, barua pepe ya ndani inasema "siku hizi haaminiki kwa mambo yake ya familia". Mwamuzi akiona sababu zinabadilika, atadhani ya kweli imefichwa, na mimi ningedhani hivyo pia. Tathmini ya utendaji iliyoandikwa baada ya lalamiko kuletwa naiacha nje. Tarehe yake inaeleza zaidi kuliko maudhui.

Utetezi wa mahitaji ya msingi ya kazi, yaani kwamba kazi yenyewe haifanyiki bila sifa fulani, ni halali, ila waajiri huutumia ovyo. Uwezo wa kuona kwa dereva wa lori unapita. "Mpokea wageni awe kijana mrembo" haupiti, hata wateja wakipenda.

Usuluhishi una siku 30, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kutoa uamuzi bila yeye, kwa hiyo simruhusu kutuma mtu asiye na mamlaka ya kutaja kiasi. Aje na ukomo wa fedha ulioidhinishwa na maneno ya cheti cha utumishi tayari. Hilo la cheti, mara nyingi mlalamikaji analijali sawa na pesa.

Usuluhishi ukishindikana na kesi ikafika kwa mwamuzi, shahidi wangu wa kwanza ni aliyeamua adhabu, si ofisa rasilimali watu aliyechapa barua. Huyo wa pili, kwenye maswali ya dodoso ya upande wa pili, ataulizwa kwa nini fulani alisamehewa na mwenzake hakusamehewa, naye atajibu, "Nilielekezwa."