Tulivyochimba ukingoni mwa Lukuledi kwa kufuata mwezi

Nilipewa siku 14 kuchimba mabaki ya kale kabla ujenzi haujaanza. Kiwanja kiko Lindi mjini, pale Lukuledi unapokutana na maji chumvi na ng'ambo unaiona Kitunda. Mwenyewe alitaka kujenga, na wakati wa tathmini ya mazingira vikaonekana vigae vya vyungu vimezagaa chini. Leseni ya kuchimba ikapatikana, tukaingia watu saba: mimi, mwenzangu wa kuchora, vijana wawili na akina mama watatu wa mtaa ule ule.

Kila aliyepita aliuliza kama tunatafuta mali ya Mjerumani. Niliwajibu wote, tena kwa kirefu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, kigae cha chungu kikiwemo. Magofu ya Kilwa yako mkoa huu huu na watu wanayajua. Lakini mtu wa kawaida alikula nini, alipikia nini, alivaa ushanga gani, hayo utayakuta kwenye jaa, na jaa likishamwagiwa zege limekwenda.

Tulipima mashimo mawili, kila moja mita 2 kwa 2: moja juu karibu na barabara, jingine chini, hatua kama ishirini kutoka majini. La chini ndilo nililolitamani, maana pale vigae vilikuwa vingi zaidi. Nikaanza nalo. Nilikosea.

Siku ile mwezi ulikuwa mpevu. Asubuhi saa 4 maji yalikuwa yamekupwa mbali, shimo kavu, tukashuka sentimita 10 kwa 10 bila taabu. Kufika saa 9 alasiri, maji yakaanza kububujika kutoka chini, si kutoka mtoni. Tukachota kwa ndoo, yakarudi. Kesho yake tukakuta ukuta mmoja umeporomoka na tabaka zimechanganyika. Udongo ule tuliuweka kando kwenye viroba vyenye alama yake, kwa sababu kigae kisichojulikana kimetoka tabaka gani hakiwezi kusema lolote kuhusu wakati wake. Siku tatu ziliishia hivyo.

Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akishona nyavu kivulini, ndiye aliyenitoa hapo. Nilimwamkia, nikakaa. Akaniambia, "Mwanangu, unachimba bamvua. Funika shimo lako. Mwezi ukibaki nusu, hesabu siku mbili, ndipo ushuke."

Nilikuwa nimesoma habari za kupwa na kujaa. Najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, huja kati yake. Ila ratiba yangu niliipanga kwa kalenda ya ofisi. Usiku ule nikaiandika upya. Siku za bamvua tukahamia shimo la juu, na mchana wa jua kali tukaosha na kuandika lebo, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ulikuwa umefutika kwenye unyevu. Shimo la chini tukaliwekea viroba vya mchanga kuzuia kuta.

Siku ya tisa tukashuka tena. Maji yalipanda kidogo tu, na kwenye kona tulichimba kishimo cha kuyakusanya, kijana mmoja akawa anachota huku wengine wanaendelea. Chini ya kifusi cha saruji na plastiki kulikuwa na mchanga wa kahawia, kisha, kwenye sentimita 110, tabaka jeusi: mkaa, mifupa ya samaki, magamba ya chaza, vigae vyenye masizi upande wa nje. Chini yake tope la kijivu la mikoko, halina kitu.

Tope jeusi halipiti kwenye chekeche kavu, kwa hiyo tulilichekecha ndani ya maji. Chekeche yetu ilikuwa na matundu ya milimita 5. Mama mmoja akasema vidogo vinatuponyoka, akaenda nyumbani akarudi na chekeche yake ya unga. Ndani ya nusu saa aliniita. Kwenye kiganja chake kulikuwa na ushanga wa kioo wa bluu, mdogo kama punje ya mtama, na tundu lake bado limeziba tope. Hadi jioni tulikuwa na kumi na mmoja. Siku za mwanzo tulichekecha bila chekeche ile, na hilo linaniuma mpaka leo.

Vigae tuliviloweka kwenye maji ya bomba, tukibadilisha kila siku, kisha tukavianika kivulini. Chumvi ikikaukia ndani, uso wa kigae hubanduka. Mkaa wa kupimwa umri tuliuchukua kwa mwiko, bila kuugusa kwa mkono, tukaufunga kwenye foili.

Siku ya 14 mwenzangu alimaliza kuchora ukuta wa mwisho saa 6 mchana. Kijiko, mtambo wa kuchimba msingi, kilikuwa kimeshafika. Nilimwomba msimamizi wa ujenzi aniache nisimame pembeni wakati msingi unachimbwa, akanipa siku mbili. Tabaka jeusi lilionekana tena upande wa barabara. Kila kijiko kiliposimama nililipima kwa futi kamba na kulipiga picha: mita 9, halafu likapotea chini ya ukuta wa jirani.