Meli ipi inachafua zaidi?

Jana Raskazone, hapa Tanga, nimebishana na mjomba, mtu aliyekula chumvi nyingi kwenye matishari (mashua bapa za mizigo) ya bandari yetu. Nje pale zilitia nanga meli mbili, kubwa na ndogo. Yeye kashikilia kubwa ndiyo mchafuzi. Nikamwambia, mjomba, usitazame moshi, tazama mzigo! Wanahesabu gramu za kaboni kwa kila tani inayosafirishwa maili moja. Kubwa inakunywa mafuta mengi, sawa, ila ukigawa kwa tani zake, mara nyingi ndogo ndiyo inayoaibika.

Tangu 2023, kwa kanuni za IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, meli za kimataifa kuanzia GT 5,000 (kipimo cha ukubwa wa meli kwa ujazo wake) zinapewa daraja kila mwaka kwa hesabu ya aina hii, A iliyo bora mpaka E. Ukipata E, au D miaka mitatu mfululizo, lazima uandae mpango wa kujirekebisha.

Sasa kituko: hesabu inayotumika kwa meli nyingi za mizigo inaangalia uwezo wa kubeba, si mzigo uliomo. Meli tupu inayozunguka inaweza kupata daraja bora kuliko iliyojaa! Na ikikaa nangani jenereta zinachoma mafuta, maili haziongezeki, daraja linashuka.

Hapo mjomba akacheka mpaka akakohoa. Kabla gati la Tanga halijachimbwa kufikia kina cha mita 13, meli zilisubiri mbali, mzigo unashushwa kwa matishari. "Basi enzi zetu zote zingepata E!"

Kisha akauliza, na jahazi je? A, mjomba. Ila lile lisilofungwa mashine.