Mama Anataka Kupanda Helikopta

Ilianza siku ya Mungu jioni na message ya sauti kwa WhatsApp. Mdogo wangu, ule aliolewa Lusaka, anaongea mbio mbio kama kawaida yake, eti yaya, mama anafikisha miaka 70 mwezi wa saba, tunataka tumpeleke Livingstone, kule Zambia, akaone maji yenye kuanguka, na shemeji yako amesha uliza bei ya helikopta, dakika kumi na tano, dola 150 na kitu kwa mtu, wewe unasema nini? Kosa langu nilikuwa nasikiliza kwa sauti kubwa. Mama alikuwa pale kwa barza anachambua maharagi, akasikia yote toka mwanzo mpaka mwisho, hakusema kitu, aliendelea na maharagi yake tu, halafu kisha dakika mbili akauliza: "Ile elikoptere, mutu anavaa nini?"

Basi. Imekwisha amuliwa.

Mimi njo mwenye woga kwa hii familia, nasema wazi. Ni mekanisien wa kamyo kubwa za mine, miaka kumi na moja sasa, na ukifanya hii kazi huwezi tena kuangalia kitu chenye moteri vile watu wengine wanaangalia. Wewe unaona kamyo, mimi naona mpira wa mafuta unatoka jasho. Nilijaribu kumwambia mama kwamba helikopta si kama ndege ya kawaida, akanikata: "Mi nilipanda treni ya Ilebo siku kumi na mbili, wewe kwa mgongo unaharisha, sasa dakika kumi na tano njo itaniua?" Utajibu nini?

Na sisi watu wa Congo habari ya ndege hatuhadithiwi. Goma mwezi wa nne 2008 ndege ilishindwa kuinuka ikapitiliza mpaka kwa soko. Kisangani 2011. Katumba Mwanke, mtu mzito namna ile, gavana wetu wa zamani hapa Katanga, alikufa 2012 ndege ikitua Bukavu. Ulaya wameziweka kampuni zenye lisensi ya Congo kwa orodha yao ya kukataza tangu 2006, na bado tunapanda, tunaomba, ikigusa chini tunapiga makofi. Kwa hiyo si kwamba niliona kuruka ni kitu kibaya. Nilitaka kujua tu juu ya hawa watu, hii mashine, ile siku.

Nikapigia simu ule ajenti shemeji alimpata. Kijana wa heshima, Kiingereza safi, nikamuuliza mambo ya usalama, akaniambia boss usiogope, sisi ni salama mia kwa mia. Pale pale nikaanza kuogopa. Mtu mwenye kusema mia kwa mia hajawahi kufungua moteri. Nikauliza mnapima watu kilo? Akacheka, akasema hapana, mnaandika tu kilo zenu kwa WhatsApp. Sasa wewe mama yangu umemuona? Mama anasema ana kilo sabini tangu mimi niko shule ya msingi.

Nikaanza kusoma usiku, MB zinaisha, bibi yangu ananiuliza kama niko natafuta mwanamke kwa intaneti. Nilikuwa natafuta ajali za watalii. Na ile ilinikalia kwa kichwa ni ya New York, tarehe 11 mwezi wa tatu 2018. Watalii watano, milango imefunguliwa makusudi ili wapige foto miguu inaning'inia nje, kila mmoja amefungwa kwa mgongo na mkanda wa ziada ili asianguke. Sasa kamba ya ule wa mbele ikanasa kwa kishikio cha chini, kile cha kukata mafuta, kishikio kikavutika, moteri ikazima. Haikuanguka kama jiwe, hapana, piloti aliishusha mpaka kwa mto, alifanya kazi yake, lakini maboya hayakujaa vizuri, ikapinduka, na piloti mwenye mkanda wa kawaida akatoka, wale watano wakazama wote kwa sababu ile mikanda ya kuwalinda ilikuwa inafungwa kwa mgongo na walipewa kisu kidogo cha kuikata. Jaribu wewe. Kichwa chini, maji ya baridi, unatafuta kisu.

Nilisoma hiyo mara tatu. Moteri ilikuwa nzima! Hakuna chuma kilivunjika. Mtu alikaa kwa ofisi akaona hii mikanda ni sawa, na kila siku watu walitoka na kurudi na mafoto mazuri, na kila siku ile kamba ilikuwa karibu na kile kishikio.

Zingine nilizipitia haraka. Hawaii, tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2019, watu saba, mawingu na mvua kwa mlima, piloti akaendelea tu. Gold Coast kule Australia, tarehe 2 mwezi wa kwanza 2023, helikopta mbili za kampuni moja, moja inapanda ingine inashuka, zikagongana, wanne wakafa, na piloti wa ile ya pili sijui Mungu alimpa mikono gani, aliiweka chini kwa mchanga mbele kumeharibika. New York tena mwezi wa nne 2025, hiyo sasa njo mashine yenyewe ilikatika hewani, baba, mama, watoto watatu na piloti. Hiyo sikumsomea mama.

Kitu kimoja kilinipa moyo na ni cha mekanisien. Watu wanafikiri moteri ya helikopta ikizima mnaanguka kama mfuko wa simenti. Hapana. Piloti anashusha haraka kile kishikio cha kushoto, mapanga yanalala, hewa inayotoka chini inaendelea kuyazungusha vile mbegu yenye bawa inazunguka ikitoka kwa mti, na karibu na chini anatumia ule mzunguko kama breki, mara moja tu, hakuna ya pili. Wanalifanyia mazoezi. Lakini inataka urefu au mbio. Ukiwa chini na polepole, huna kitu cha kuuza. Kwa hiyo wale wanaosema "mwambie piloti ashuke karibu na maji tupate video nzuri" wanamnyang'anya dawa yake mfukoni, na hawajui.

Shemeji alileta hesabu, yeye ni mtu wa benki. Marekani, miaka hii ya karibuni, helikopta zote pamoja ziko chini ya ajali moja ya kuua kwa kila saa 100,000 za kuruka. Ukizikata kwa dakika kumi na tano inakuwa safari 400,000. Mama akasema aah basi. Mimi nikasema ngoja kwanza, ndani ya ile hesabu kuna za hospitali, za polisi, za kunyunyizia mashamba, na ya watalii inapanda na kutua hata mara nne kwa saa moja, na kupanda na kutua njo penyewe pabaya, na halafu ile ni Marekani, hii ni Zambezi. Shemeji akanijibu kwa upole: na kutoka Lubumbashi mpaka Livingstone mnakuja na nini? Na motokari. Karibu kilomita 1,000, na kuanzia Kasumbalesa, pale mpakani, uko katikati ya kamyo za shaba, shofa zingine hazijalala siku mbili. Hapo nilinyamaza. Si kwamba nilishindwa, lakini hatari moja haifuti ingine, nazibeba zote mbili.

Sasa acha niseme kitu kilichonifanya nibadilishe swali. Kwa kazi, kila asubuhi shofa anapaswa kuzunguka kamyo na karatasi, anaweka alama: breki, matairi, taa. Kuna mahali nilifanya zamani, sitaja jina, ukisimamisha kamyo timu yote inapoteza primu, ile pesa ya ziada, ya ule mwezi. Unajua ilitokea nini? Karatasi zilikuwa safi sana. Alama nzuri zote, shofa amezijaza amekaa kwa kiti akinywa chai. Siku moja nilikataa kamyo juu ya breki ya nyuma, na watu hawakuniongelesha wiki nzima, wandugu kabisa, watu tunakula bukari sahani moja. Breki ilikuwa imekwisha kweli. Hakuna aliyeniambia asante.

Kwa hiyo nikawacha kuuliza kama helikopta iko salama. Nikauliza: nani pale anaweza kusema leo haturuki, na akisema, anapoteza nini? Piloti analipwa kwa siku ao kwa kila safari? Upepo ukikataa falanga zetu zinarudi zote, ao mnatuambia mrudi kesho wakati mnajua kesho tuko kwa barabara? Ule ajenti wa mia kwa mia alisema pesa hairudi lakini "mara nyingi tunapata njia". Mara nyingi tunapata njia! Hayo maneno njo yanaua watu. Mdogo wangu akapata kampuni ingine, dola 20 zaidi kwa mtu, mama mmoja akashika simu, nikamuuliza mara ya mwisho mlikataa kuruka ni lini, hakufikiri hata kidogo, akasema wiki iliyopita, upepo, tukarudisha pesa ya watu kumi na moja, bado inaniuma. Nikasema hapa.

Masharti mengine niliyaweka na hayakuwa na mjadala. Milango imefungwa. Mimi na bibi yangu hatupandi safari moja, na watoto hawapandi, ni wadogo. Asubuhi, si saa nane mchana, kwa sababu hewa ya joto ni nyembamba na mapanga yanapata taabu kubeba, mwezi wa saba si kama wa kumi kule ambapo jua linachoma, lakini asubuhi ni asubuhi. Kile kindege kidogo kama kite chenye propela nyuma ya kichwa, mdogo wangu alikipendekeza pia, eti ni bei nafuu. Hata telefone hawakuachi ubebe, kwa sababu ikikuponyoka inaenda kwa propela. Hicho nilikataa kabla hajamaliza kusema.

Safari siiongelei sana, Kasumbalesa tulikaa saa tano, mama aliuza mikate yake yote kwa mashofa wa kamyo, sijui hata alibeba mingi vile juu ya nini.

Tulifika uwanjani saa mbili na nusu asubuhi, baridi kali, unaona kwa mbali ule moshi wa maji umesimama. Mosi-oa-Tunya, njo jina la yale maji, moshi unaounguruma, sikia vile "mosi" na "moshi" ni ndugu. Lakini ule moshi haukusimama wima, ulikuwa umelala upande. Upepo. Mbele yetu kulikuwa bwana na bibi wazungu wenye basi ya saa nne, bwana anapandisha sauti, anaonyesha saa yake, na ule mama wa simu, sasa namuona kwa macho, mfupi, mwenye sweta ya bluu, hakubishana naye hata. Alifungua droo, akahesabu dola moja moja kwa meza, akampa. Nilitaka kumpigia saluti. Piloti alikuwa amesimama nje na kikombe, anaangalia bendera, hakugeuka kuangalia ule mzozo hata mara moja, kama vile haumhusu, na kwa kweli haukumhusu.

Baada ya saa moja na kitu bendera ikalala. Wakatupima kilo, mizani kama ya gunia, kila mtu na kikoti chake na kila kitu kwa mfuko. Mama akapanda, mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwa 91. Akaangalia ile namba, akaniangalia mimi, akasema "ni makoti". Kijana wa pale akaandika 91, akampanga mbele kushoto na mdogo wangu nyuma, shemeji upande mwingine. Jile ya kuelea kwa maji, wakamfunga kwa kiuno, wakamfundisha kufungua mkanda, akaufungua na kuufunga mara tatu mwenyewe, nilimuomba. Mara ya tatu aliufungua haraka kuliko mimi.

Mimi nilibaki chini na watoto. Nitakuambia ukweli, zile dakika kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko Kasumbalesa. Nilisikiliza moteri ikienda, nikaisikia mpaka ikapotea, halafu nikaanza kusikiliza kimya. Mtoto wangu wa kiume ananiuliza papa juu ya nini unahesabu.

Ilirudi. Mama alishuka akishikilia kitenge na mikono miwili, hakutaka mtu amshike, akatembea wima mpaka kwetu. Nikamuuliza umeona nini? Akasema ameona maji, ni mengi, piloti alizunguka kwa kushoto halafu akazunguka kwa kulia ili na shemeji aone, lakini kwa zile ekutere masikioni maji hayasikiki hata kidogo, yanaanguka kimya kimya kama kwa ndoto, na hiyo haikumpendeza. Halafu akageuka kumuangalia ule piloti, kijana kabisa, alikuwa amepiga magoti anachungulia chini ya mashine na tochi.

"Ule mtoto," mama akasema, "mama yake anajua anafanyaka hii kazi?"