Mwanafunzi Anapoupiga Picha Ubao

Katika shule nyingi za Lubumbashi, daftari ndilo limekuwa kitabu cha mwanafunzi kwa miaka mingi. Vitabu vya kiada ni vichache, na mzazi wa mitaa kama Katuba au Ruashi mwenye watoto watano hawezi kumnunulia kila mmoja kitabu cha kila somo. Kwa hiyo mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na daftari likitunzwa vizuri hurithiwa na mdogo wake mtoto. Siku hizi, katika madarasa ya juu ya sekondari, nikishaweka chaki chini mikono inayoinuka huwa imeshika simu. Ubao mzima unapigwa picha, daftari linafungwa, na mazungumzo yanaanza.

Siichukii simu, na wala sioni aibu kusema kwamba imetusaidia. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari hupata ndani yake maswali ya miaka iliyopita, ambayo zamani yalitafutwa kwa kubahatisha. Matokeo yenyewe ya mtihani huo siku hizi hufika kwa ujumbe wa simu, na mara yanapofika mitaa hujaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe, mama zao wakipiga vigelegele. Wako wanaotaka tufanye kama Ufaransa, ambayo mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini. Naafiki kwamba saa za masomo ni za masomo, lakini marufuku peke yake haitamfundisha mtoto namna ya kujifunza akiwa nyumbani, ambako simu hiyo hiyo inamsubiri.

Ninachokihofia ni jambo moja mahususi: mwanafunzi kuamini kwamba kilichomo katika simu yake kimo pia kichwani mwake. Ninafundisha biolojia. Somo la mzunguko wa damu lina mchoro wa moyo wenye vyumba vinne, na mishale inayoonyesha damu inakoingia na inakotoka. Anayeuchora kwa mkono hufika kwenye ateri ya mapafu akasimama, kwa sababu ameshaandika kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, na sasa mshale unamwambia kinyume chake. Hapo ndipo swali linapozaliwa, nami napata nafasi ya kueleza kwamba ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, iwe na oksijeni nyingi au kidogo. Aliyepiga picha hasimami popote. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini ukurasa wake ni mweupe, alinijibu kwa heshima kabisa: «Profesa, niko na picha.» Nikamwomba anionyeshe. Alitafuta kwa muda mrefu kati ya picha za harusi ya dada yake, za mechi na za nguo, mpaka akakumbuka kwamba simu ilikuwa imejaa na picha za ubao alizifuta.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, alichapisha utafiti alioufanya katika jumba la makumbusho. Washiriki walitakiwa kuvitazama tu baadhi ya vitu, na vingine kuvipiga picha. Walipopimwa siku iliyofuata, walivikumbuka vile walivyovipiga picha vizima kwa uchache kuliko vile walivyovitazama kwa macho tu. Lakini pale walipoisogeza kamera ichukue sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Nadhani sababu ni kwamba anayechagua sehemu analazimika kufikiri, ilhali anayechukua vyote huiachia mashine kazi ya kukumbuka.

Tangu niliposoma habari hiyo, darasani kwangu ubao mzima haupigwi picha. Tunachora kwanza. Baadaye anayetaka anaweza kupiga picha ya sehemu moja iliyomtatiza, na chini ya mchoro wake aandike kwa sentensi zake mwenyewe kwa nini ameichagua. Baadhi hunung'unika kwamba ninawachelewesha, na ni kweli kwamba kipindi huisha kabla sijafika nilikokusudia. Hata hivyo maswali yamerudi, na wale wasio na simu, ambao hapo awali walikuwa wakimbembeleza jirani awaonyeshe picha jioni, wanaondoka na somo zima mkononi.

Shida ya usiku bado sijaipatia dawa. Mega za usiku, yaani vifurushi vya intaneti, huuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo watoto hukesha, na zoezi lililofanywa na mmoja huzunguka katika kundi la WhatsApp la darasa hadi asubuhi, likiwa na kosa lile lile katika kila daftari. Ninayaona macho yao mazito saa moja na nusu, na najua hapo mwalimu peke yake hafui dafu.

Kwa hiyo, ninyi baba na mama mnaosoma hapa, nawaomba msaada huu: mkitaka kujua mtoto amesoma nini, msikubali kuonyeshwa simu. Ombeni daftari, fungueni ukurasa wowote, mwambieni awaeleze kwa Kiswahili kile alichofundishwa kwa Kifaransa. Si lazima muwe mmesoma biolojia. Akiweza kumweleza bibi yake damu inakwenda wapi ikitoka moyoni, amelielewa somo. Akibabaika, mrudisheni kwangu kesho na swali lake.