Gazeti la Trafalgar Mezani kwa Muuza Vikuukuu

Nauli ya treni kutoka London hadi Portsmouth ni ya kukutoa jasho, na kiingilio cha kuiona HMS Victory hakina huruma zaidi. Meli yenyewe, yenye mizinga 104, ambayo ndani yake Admirali Nelson wa Uingereza aliuawa katika vita vya baharini vya Trafalgar, niliikuta imezungushiwa majukwaa ya mafundi kwa ajili ya matengenezo makubwa. Sitaieleza sana, kwa kuwa kilichonishika siku ile hakikuwa meli bali karatasi.

Mjomba wangu, ambaye ni mkazi wa mji huo kwa miaka mingi, alinipitisha kwenye soko la vitu vya kale. Juu ya meza moja, katikati ya dira za shaba na vifungo vya sare, palikuwa na gazeti la The Times la tarehe 7 Novemba 1805, lenye habari za vita hivyo, limefungwa ndani ya nailoni. Muuzaji alitaka pauni 120, akizitaja kana kwamba ananifanyia hisani. Nilitarajia ukurasa wa kwanza ujae meli na moshi, kumbe ni matangazo matupu, kwani desturi ya gazeti hilo zama zile ilikuwa kuweka matangazo mbele na habari ndani.

“Hebu shika fedha zako kwanza,” Mjomba akaninong'oneza, kisha akaomba, kwa adabu zote, gazeti litolewe kwenye nailoni.

Kabla ya kuhama Unguja, Mjomba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na vidole vyake havijaisahau kazi. Alivipitisha taratibu nyuma ya ukurasa. Herufi za madini ya risasi zikikandamizwa kwenye karatasi huacha vibonde ambavyo mtu huvihisi hata akifumba macho. Hapa palikuwa laini kama kigae. Akaliinua kwenye mwanga. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na kwa hiyo hubaki nyeupe na imara kuliko magazeti ya miaka mia moja baadaye, yaliyochapwa kwenye karatasi ya miti. Hili lilikuwa la kahawia, na ncha zake zilimomonyoka zilipoguswa. Wateja wengi hudhani ukahawia ndio ukongwe, na hapo ndipo wauzaji wa namna hii wanapopatia riziki. Mwisho akaonyesha muhuri wa kodi, ambao sheria ilitaka ugongwe kwenye kila gazeti, na ambao kodi yake ilizidi nusu ya bei ya peni sita. Huu haukugongwa: ulichapwa pamoja na habari, kwa wino uleule mweusi.

“Bwana, hii ni nakala ya ukumbusho,” Mjomba alimwambia. Toleo hilo limechapwa upya mara nyingi mno. Muuzaji hakubisha wala hakuona haya. Alishusha bei hadi pauni kumi papo hapo. Nilikasirika kwa ajili ya wageni waliopita pale bila mjomba. Hata hivyo nilitaka kulisoma, basi nikalichukua kwa pauni sita.

Tulilifungua mgahawani, juu ya chai ambayo bei yake sitaitaja. Vita vilipiganwa tarehe 21 Oktoba; merikebu ndogo iitwayo Pickle ilileta barua ya Collingwood, msaidizi wa Nelson aliyeshika uongozi baada yake, hadi Falmouth tarehe 4 Novemba, na Luteni Lapenotiere akakimbia nayo kwa gari la farasi hadi London, akibadilisha farasi mara 21. Waingereza, kwa meli 27, walizishinda 33 za Wafaransa na Wahispania bila kupoteza hata moja yao, na bado mhariri aliandika kwamba hajui aomboleze au ashangilie, kwa sababu Nelson amekufa. Collingwood anawataja kwa majina makapteni wawili waliouawa, mabaharia hawatajwi. Chini ya mnara wa Nelson kule London kuna sanamu ya shaba ya baharia mweusi ameshika bunduki. Katika barua ile hana nafasi.

Ndipo mazungumzo yakahamia kwetu. Mnamo 1812 hivi, Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walikwenda kwa vyombo kuipiga Lamu, wakateremka Shela, na maji yakakupwa vyombo vikiwa mchangani, waliuawa wengi. Hapakuwa na gazeti la kuripoti, maana hata Unguja ililipata la kwanza mwaka 1892. Nikasema ni hasara, kwamba tumeachiwa masimulizi tu. Mjomba hakukubali: nayo barua ya Collingwood, alisema, ni masimulizi ya aliyeshinda, tofauti ni kwamba yalipigwa chapa.

“Shela tumeisikia kwa watu wa Lamu,” aliendelea. “Bibi yako alikuwa mtu wa Mombasa, na mpaka anakufa hakukubali kwamba Lamu ilimshinda mtu. Kwake yeye, ni maji tu yaliyowahi kukupwa.”